Kutafuta Fedha za Kuandaa Mradi wa Miundombinu wa Kikanda: Mwongozo kwa Walioko Lamu na Malindi

Maandalizi ya mradi ni kazi yote inayofanywa kati ya wazo na zabuni ya ujenzi: upembuzi wa awali, upembuzi yakinifu, tathmini ya athari za mazingira na jamii, usanifu wa kina, uhakiki wa ardhi na wenye ardhi, makubaliano ya nchi na nchi, ushauri wa kisheria na wa kifedha, na mwisho hati za zabuni zenyewe. Kwa kawaida kazi hiyo hugharimu kati ya asilimia 5 na 10 ya gharama ya ujenzi, kwa hiyo barabara ya shilingi bilioni 10 inaweza kuhitaji nusu bilioni hadi bilioni nzima kabla ya tingatinga la kwanza kushushwa. Mabenki yanayokopesha fedha za ujenzi hayapendi kulipia hatua hii kwa kuwa mradi unaweza kufa njiani, na serikali nazo huona tabu kutenga fedha za ripoti na ramani huku wananchi wakidai zahanati na maji. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikadiria mwaka 2018 kwamba bara hili linahitaji dola bilioni 130 hadi 170 kila mwaka kwa miundombinu, na kwamba kila mwaka hupungukiwa na dola bilioni 68 hadi 108. Hata hivyo, wanaoshughulika na mambo haya watakuambia kwamba wenye fedha za ujenzi mara nyingi hukaa wakisubiri miradi iliyoiva, na miradi iliyoiva ndiyo haba.

Mwongozo huu ni wa afisa mipango wa kaunti, kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa fuo (BMU), mwanachama wa shirika la kijamii, au mtaalamu wa hapa pwani aliyeitwa kusaidia kuandika ombi la fedha. Nimeuandika nikiwa na Lamu machoni, kwa sababu hapa hesabu ya maandalizi imeonekana wazi kuliko mahali pengi.

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir na Waziri Mkuu Meles Zenawi walizindua hapa Lamu ujenzi wa ukanda wa LAPSSET, wenye bandari, reli, barabara na bomba la mafuta kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia, kwa makadirio ya dola bilioni 24 na ushei. Upembuzi ulikuwa umefanywa: Serikali ya Kenya iliiajiri kampuni ya Japan Port Consultants, ikatoa mpango wa bandari yenye gati 32. Mwaka huohuo wa uzinduzi wavuvi na wakazi wa Lamu walikwenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba haki zao za kupata habari, za utamaduni na za mazingira safi zilikiukwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Baadaye pande zikaelewana kwamba sehemu ilipwe taslimu na sehemu kwa vyombo na zana za uvuvi. Gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Ukiiangalia bilioni 1.76 kwa jicho la mhasibu, utaona kwamba kuwahesabu wavuvi, kuzungumza nao na kukubaliana nao kabla ya kuchimba bahari kungegharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Kwa hiyo unapoomba fedha za maandalizi, omba za kutosha na uziombe kwa ajili ya mambo yatakayokuja kudaiwa.

Thibitisha kwanza kwamba mradi ni wa kikanda, na kwamba una mwenyewe

Mfuko wa kikanda hautakupa fedha kwa sababu mradi ni muhimu kwa kaunti yako. Utataka kuona nchi mbili au zaidi zikinufaika, na utataka kuona hivyo kwa maandishi ya nchi hizo zenyewe. Mradi ulio ndani ya nchi moja unaweza kukubalika ikiwa kazi yake ni ya kikanda, kama ilivyo kwa bandari inayohudumia nchi isiyo na bahari, au kama ilivyokuwa kwa barabara ya Isiolo hadi Moyale, ambayo yote iko Kenya lakini ni kipande cha njia ya Mombasa, Nairobi na Addis Ababa. Ikiwa mradi wako ni wa aina hiyo, usilitaje jambo hilo kwa sentensi moja ya mwisho. Liweke mbele pamoja na takwimu za mizigo, abiria au umeme unaotarajiwa kuvuka mpaka.

Swali la pili ni nani mwenye mradi. Katiba ya Kenya, katika Jedwali la Nne, imeiachia serikali ya kitaifa barabara kuu za taifa na usimamizi wa safari za meli za kitaifa na za kimataifa, na kaunti imepewa barabara za kaunti pamoja na vivuko na bandari zisizohusu meli hizo. Kifungu cha 212 kinasema kaunti inaweza kukopa ikiwa tu serikali ya kitaifa imetoa dhamana na bunge la kaunti limeidhinisha. Maana yake kwa afisa wa Lamu au Kilifi ni kwamba ombi la fedha za kuandaa barabara ya kuvuka mpaka halitatoka ofisini kwake peke yake. Litatoka kwa wizara husika, au kwa mamlaka ya ukanda kama ile ya LAPSSET, au kwa Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha, au kwa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, na Hazina ya Kitaifa itakuwa njiani. Lakini kaunti isijione mpita njia. Inaweza kuandika dokezo la mradi, kukusanya takwimu, kutoa ardhi ya ofisi na wataalamu, na kudai kiti katika kamati ya uongozi, na hayo yote huhesabika kama mchango. Kaunti sita za pwani zina jumuiya yao, Jumuiya ya Kaunti za Pwani, na barua iliyotiwa saini na magavana sita husomwa kwa makini zaidi kuliko ya gavana mmoja.

Mfano ulio karibu nasi ni barabara ya Malindi, Mombasa na Lunga Lunga inayoendelea Tanzania kupitia Horohoro, Tanga na Pangani hadi Bagamoyo. Upembuzi na usanifu wake ulipitia Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Desemba 2019 benki hiyo ikaidhinisha ufadhili wa awamu ya kwanza ya kilomita 175, Umoja wa Ulaya nao ukiongeza ruzuku. Upande wa Kenya awamu hiyo inatoka Mombasa kupitia Mtwapa hadi Kilifi. Jina la Malindi liko katika kichwa cha mradi na lami ya awamu ya kwanza haikufika huko. Mtu wa Malindi ana haki ya kuuliza, na jibu lake limo ndani ya mpango wa awamu, ambao huandikwa wakati wa maandalizi. Anayetaka kipande chake kiingie awamu ya kwanza na awemo chumbani wakati awamu zinagawanywa.

Usichukulie kimya cha nchi jirani kuwa ridhaa. Kenya ilikuwa na matumaini kwamba mafuta ya Uganda yangepita Lokichar kule Turkana hadi Lamu, na Aprili 2016 Uganda ikachagua njia ya Tanga, yenye bomba la takriban kilomita 1,443. Upembuzi unaolinganisha njia moja tu, au unaofanywa na upande mmoja tu, huweza kugeuka ripoti isiyo na kazi kwa uamuzi wa siku moja. Kwa hiyo dai hati ya makubaliano ya awali kati ya nchi husika kabla ya kuomba fedha nyingi, na ndani yake kuwe na maneno ya wazi kuhusu nani ataajiri mshauri, ripoti zitakuwa mali ya nani, na nchi ikijitoa italipa nini. Somalia sasa ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, na Sudan Kusini iliingia mwaka 2016. Kwa hiyo kwa miradi mingi ya Lamu meza ya mazungumzo tayari ipo.

Gawa maandalizi kwa hatua

Hili ni fupi. Usiombe fedha za usanifu wa kina kabla upembuzi wa awali haujaonyesha kwamba mradi una maana. Kila hatua imalizike kwa uamuzi wa wazi wa kuendelea, kubadilisha au kuacha, na kamati iwe na ujasiri wa kuacha. Mfadhili anayeona milango hiyo katika ombi lako hupata imani, kwa kuwa anajua fedha zake hazitazama zote pamoja. Kuacha mradi mbovu katika hatua ya kwanza ni mafanikio, japo hakuna atakayekualika kwenye sherehe ya kuuacha.

Andika bajeti inayojua bahari na ardhi ya hapa

Hapa ndipo maombi mengi yanapoharibika. Bajeti hunakiliwa kutoka mradi wa mahali pengine, ikawa na fedha nyingi za wahandisi na kifungu kimoja chembamba cha mambo ya jamii. Tuchukue mfano wa barabara ya kutoka mji wa Hindi hapa Lamu kupitia Bodhei na Basuba hadi Kiunga, na kutoka hapo hadi mpaka wa Somalia, ambayo mtu angetaka kuiandaa kama njia ya biashara ya kikanda. Sehemu ya uhandisi inajulikana: upimaji wa njia, uchunguzi wa udongo, mifereji ya maji ya mvua, makalbeti na madaraja. Lakini njia hiyo inakatiza msitu wa Boni wanamoishi Waaweer, inapakana na Hifadhi ya Dodori, na mwisho wake uko kando ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga. Ukosefu wa usalama katika eneo hilo unajulikana, kwa hiyo kuna gharama ya ulinzi wa wapimaji, bima yao, na siku ambazo kazi itasimama. Asiyeandika gharama hizo mapema atarudi kuomba nyongeza katikati ya kazi, na mifuko mingi haina utaratibu wa kutoa nyongeza kwa haraka.

Kwa miradi inayogusa bahari, kipimo cha kwanza cha uzito wa bajeti ni muda wa utafiti. Wavuvi wa Lamu hawavui mahali pamoja mwaka mzima. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka, na wenye madau na mashua ndogo hubaki kwenye mikondo ya ndani na ukingoni mwa mikoko. Kaskazi inapoingia, bahari hutulia na wengi hutoka nje ya miamba. Mshauri akija Januari kwa majuma mawili, akahesabu vyombo kwenye Mlango wa Mkanda, atapata idadi ndogo na ataandika kwamba mkondo huo hautumiki sana. Nahodha yeyote wa Pate atakayesomewa ripoti hiyo barazani atauliza swali moja, "Bwana mhandisi, mlipima mwezi gani?", na tathmini nzima itaanguka papo hapo. Kwa hiyo andika katika hadidu za rejea kwamba utafiti wa uvuvi uchukue miezi 12 kamili, uguse misimu yote miwili, na utaje zana moja moja: madema, jarife, mishipi, na wanaotembea kwa miguu kutafuta pweza na kaa maji yanapokupwa, ambao wengi wao hawana chombo wala leseni na ndio wa kwanza kusahaulika wakati wa fidia. Miezi 12 hugharimu zaidi ya majuma mawili. Eleza sababu katika ombi, kwa maneno haya haya ya kusi na kaskazi, na mfadhili mwenye busara atakuelewa.

Mikoko iwe na kifungu chake. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kuchimba na kuchota mchanga wa bahari ili kuongeza kina hupeleka tope mbali na mahali mashine inapofanyia kazi. Gati za Lamu zimechimbwa hadi kina cha mita 17.5, utafiti wa mwendo wa tope kwa kazi ya kiwango hicho unahitaji vipimo vya maji ya bamvua na ya maji mafu, pamoja na hesabu za kompyuta, na si jambo la kubanwa ndani ya kifungu cha "mengineyo".

Ardhi ndiyo ya pili kwa uzito, na pengine ya kwanza. Watu wengi wa Lamu wanaishi na kulima mahali walipozikwa mababu zao bila ya hati miliki. Mradi mkubwa ukitangazwa, wanaotoka nje wakiwa na hati hutangulia kufika. Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za takriban ekari 500,000 za Lamu zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22, na hilo peke yake linatosha kumwonyesha mfadhili kwa nini uhakiki wa ardhi hauwezi kusubiri hatua ya ujenzi. Tenga fedha za kupima, za kusikiliza wazee wa vijiji, za wanasheria, na za kuandika orodha ya watumiaji wa ardhi wasio na hati pamoja na tarehe ya mwisho ya kuingia katika orodha hiyo. Njia ya mradi isitangazwe kabla orodha hiyo haijafungwa, maana uvumi wa lami huotesha minazi mipya kwa usiku mmoja.

Kuna pia urithi. Mji Mkongwe wa Lamu uliandikishwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Kamati ya Urithi wa Dunia imekuwa ikidai tathmini ya athari kwa urithi kuhusiana na LAPSSET. Tathmini hiyo ni tofauti na ile ya mazingira, ina wataalamu wake, na huangalia hata mambo yasiyoonekana kama ongezeko la wageni, bei ya nyumba na hatima ya ufundi wa majahazi. Mshauri wa mazingira akikuambia kwamba ataiingiza ndani ya sura moja ya ripoti yake, mkatalie.

Na mwisho wa bajeti uwe mawasiliano: tafsiri ya muhtasari kwa Kiswahili chepesi, mikutano ya visiwani yenye gharama za boti, posho za chakula, na mikutano ya kina mama kwa saa zinazowafaa. Sheria ya Kenya ya Upatikanaji wa Habari ni ya mwaka 2016, na Katiba imeutaja ushirikishwaji wa umma miongoni mwa maadili ya taifa. Mfadhili akiona kifungu hiki hakuna fedha ndani yake, atajua kwamba ushirikishwaji utakuwa wa kutia saini daftari la mahudhurio.

Chagua mfuko unaolingana na hatua yako

Mifuko ya maandalizi haifanani, na kosa la kawaida ni kuandika ombi moja na kulituma kila mahali. Tofauti kubwa iko katika kile ambacho mwenye fedha atakitaka baadaye.

Wa kwanza kuufikiria kwa mradi wa kikanda Afrika ni Mfuko wa Maandalizi ya Miradi ya Miundombinu wa NEPAD (mpango wa maendeleo wa Umoja wa Afrika), unaojulikana kwa kifupi IPPF, ambao uko chini ya uangalizi wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na hupokea michango ya nchi wafadhili kadhaa. Unatoa ruzuku kwa nchi, jumuiya za kikanda na taasisi zao kwa ajili ya upembuzi, tathmini, usanifu na hati za zabuni, na haujengi chochote. Nguvu ya ombi huongezeka mradi ukiwa tayari katika mpango wa Umoja wa Afrika wa maendeleo ya miundombinu, yaani PIDA, uliopitishwa na wakuu wa nchi Januari 2012 ukiwa na programu 51 na kufuatiwa mwaka 2021 na orodha ya pili ya miradi 69. LAPSSET imo katika mpango wa marais walezi wa miundombinu, ambamo kila mradi una nchi ya kuulea, na Kenya ndiyo mlezi wa LAPSSET. Kama kipande chako ni sehemu ya LAPSSET, anza ombi kwa kusema hivyo, kisha uonyeshe kipande hicho kwenye ramani.

Kwa kazi ya sera, sheria na mipangilio ya ubia kati ya serikali na sekta binafsi, uko mfuko wa PPIAF ulioanzishwa mwaka 1999 na unaoendeshwa ndani ya Benki ya Dunia. Huwapa serikali msaada wa kitaalamu, na una dirisha linalosaidia hata serikali za chini, jambo ambalo kaunti nyingi hazilijui. Benki ya Dunia ina pia mfuko wa GIF, uliozinduliwa mwaka 2014, unaolenga miradi mikubwa itakayovutia fedha binafsi, na fedha zake nyingi hurudishwa mradi ukifunga mkataba wa fedha za ujenzi. Hapa nyumbani, Sheria ya Ubia ya 2021 ina mfuko wa kuwezesha miradi unaoweza kugharamia maandalizi ya ubia, chini ya Hazina ya Kitaifa.

Njia ya tatu ni malipo ya awali ya maandalizi yanayotolewa na benki za maendeleo kwa nchi inayotarajia mkopo wa ujenzi. Fedha hizo huingizwa ndani ya mkopo ukishatiwa saini. Ni za haraka kuliko ruzuku, lakini ni deni, na mkopo usipopatikana nchi hulipa. Waziri wa fedha atakuuliza juu ya hilo kabla ya swali lingine lolote.

Nne ni fedha za wawekezaji waandaaji. Africa50, yenye makao yake Casablanca, na InfraCo, iliyo katika PIDG, kundi la taasisi za kuendeleza miundombinu kwa fedha binafsi, huweka mtaji wao katika maandalizi na huchukua sehemu ya umiliki wa mradi. Mimi nazipendelea kwa miradi ya umeme na ya kuhifadhi samaki kwa baridi, ambapo kuna mteja anayelipa na mapato yanayoonekana. Kwa barabara isiyo na ushuru na kwa kuchimba mkondo sizipendekezi, kwani mwenye mtaji atatafuta mapato yake mahali fulani, na mara nyingi atayatafuta kwenye dhamana ya serikali. Kabla ya kutia saini na mwekezaji wa namna hiyo, serikali iombe wakili kutoka Kituo cha Msaada wa Kisheria cha Afrika, kinachohifadhiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika kule Abidjan, ambacho kazi yake ni kuzipa nchi wanasheria wa kiwango cha wale wanaokaa upande wa pili wa meza. Mkataba wa pekee unaomfungia mwekezaji mmoja haki ya kuandaa mradi kwa miaka mingi bila tarehe za kutimiza kazi ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa nyumba kwa ahadi kwamba siku moja atapaka rangi.

Mara nyingi jibu ni kuchanganya: upembuzi wa awali kwa bajeti ya serikali na mchango wa kaunti, upembuzi yakinifu na tathmini kwa ruzuku, kisha usanifu na ushauri wa zabuni kwa fedha za kurudishwa, maana wakati huo hatari imepungua. Ukifuata utaratibu huo, ruzuku ambayo ni haba itatumika pale ambapo hakuna mwingine atakayelipa.

Kuandika dokezo lenyewe

Mfadhili husoma kurasa mbili za kwanza kabla ya kuamua kama atasoma zilizobaki. Linganisha aya hizi mbili. Ya kwanza inasema: "Mradi huu utaleta maendeleo makubwa kwa wananchi wa ukanda wa pwani na kufungua fursa nyingi za kiuchumi." Ya pili inasema: "Tunaomba ruzuku ya kufanya upembuzi yakinifu na tathmini ya athari za mazingira na jamii, miezi 18, kwa barabara kutoka Hindi hadi mpaka wa Somalia. Uamuzi utakaofanywa kutokana na kazi hii ni kama njia ipite ndani ya msitu wa Boni au kando yake, na kama Kenya na Somalia zitatia saini mkataba wa mpaka wa pamoja. Serikali ya kaunti itachangia ofisi, boti na maafisa watatu." Aya ya kwanza ingeweza kuandikwa kuhusu kiwanda cha soda. Ya pili inamwambia msomaji anachonunua, kitamchukua muda gani, na nini kitaamuliwa kwa fedha zake.

Baada ya hapo weka mahitaji yaliyothibitishwa kwa takwimu zenye chanzo, hali ya sasa ya mradi na ripoti zilizopo hata kama ni za zamani, orodha ya hatari bila kuficha, bajeti kwa hatua, mpango wa ununuzi, na barua za kuunga mkono kutoka kila nchi. Kuhusu hatari, taja kesi ya wavuvi wenyewe. Mfadhili ataipata hata usipoitaja, na ni bora aisome kwako pamoja na maelezo ya namna mradi wako ulivyojifunza kutokana nayo.

Fedha zikishapatikana

Mshauri achaguliwe kwa ubora kwanza. Uzito wa alama 80 za kitaalamu kwa 20 za bei ni desturi inayokubalika na benki nyingi za maendeleo, na katika kazi ya bahari ningepinga kuushusha. Katika timu yake dai kuwe na mtu wa hapa anayejua majina ya mikondo. Malipo yafungwe kwa ripoti zilizokubaliwa na kamati, kamati iwe na mwakilishi wa BMU mwenye haki ya kusema na si ya kukaa tu, na rasimu ya kila ripoti ipewe siku za kutosha za kusomwa kabla ya kikao.

Kifungu ambacho hupuuzwa ni umiliki wa takwimu ghafi. Ripoti iliyochapishwa haitoshi: vipimo vya kina cha bahari, sampuli za udongo, hesabu za vyombo na orodha za kaya ndivyo vitakavyohitajika mfadhili akibadilika au mradi ukilala miaka mitano. Andika katika mkataba kwamba takwimu hizo ni mali ya nchi husika kwa pamoja, zikabidhiwe katika muundo unaofunguka kwa programu za kawaida, na nakala moja ibaki katika ofisi ya mipango ya kaunti, isipokuwa majina ya watu binafsi ambayo hulindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Malipo ya mwisho ya mshauri yasitoke mpaka afisa wa kaunti ameyafungua mafaili hayo kwenye kompyuta yake mwenyewe na kutia saini kwamba yanasomeka.